Mbwa wa Mzee wa Kanisa

Bibi Magreth aliwaona kabla Tosha, mbwa wake, hajawaona. Walikuwa wawili, mmoja mweusi na mmoja wa kahawia, na walishuka kutoka kwenye migomba ya Mzee Sadoki bila kubweka. Hilo ndilo lililomtisha. Mbwa anayebweka unajua anataka nini. Alivuta kamba, akamrudisha Tosha nyuma ya gauni lake, akainua fimbo yake ya kutembelea na kusema kwa sauti ya kawaida, kama anavyowaambia mbuzi, "Rudini kwenu."

Mweusi alisimama. Wa kahawia alipita chini ya fimbo kana kwamba haipo, akamkamata Tosha shingoni na kumtikisa. Kamba ilikuwa imezungushwa kwenye mkono wa kushoto wa Bibi, ule ambao tangu apatwe na kiharusi ulikuwa mzito kufungua vidole, kwa hiyo hakuweza kuiachia hata kama angetaka. Akavutwa, akaanguka kwa goti moja kando ya mfereji. Akaingiza mkono wa kulia katikati ya meno na manyoya, akavuta.

Hanna, mkwe wake, alikuwa anakamua ng'ombe aliposikia kilio cha Tosha. Alikimbia na ndoo mkononi, maziwa yakimwagikia miguuni, na alipofika alirusha ndoo nzima. Mweusi alikimbia. Wa kahawia aliachia, akageuka, akaondoka taratibu kwa mwendo wa upande, bega lake likigusa majani ya masale yaliyopandwa mpakani, udenda ukining'inia. Hanna aliuona mwendo ule na hakuwa na nafasi ya kuufikiria. Mama mkwe wake alikuwa ameketi kwenye majani yenye umande, Tosha mapajani, na damu ilikuwa inatoka kwenye kiganja cha mkono wake mzima.

"Mtazame shingo," Bibi alisema. "Mimi niache. Mtazame shingo."

Shingoni palikuwa na matundu mawili, madogo, yamejificha ndani ya manyoya meupe.

Daktari ndiye aliyemwambia Bibi Magreth atembee kila asubuhi, toka nyumbani hadi kibao cha kanisa na kurudi. Siku za mwanzo alitembea peke yake na aliona aibu, kwa sababu pale kijijini Akheri mtu mzima hatembei bila shughuli. Ukionekana njiani huna jembe wala kikapu, watu wanakuuliza nani kafariki. Ndipo akaanza kumchukua Tosha kwa kamba ya katani. Watu wakacheka zaidi. Watoto wa shule walimwita Bibi Mzungu. Lakini angalau sasa alikuwa na jibu: namtembeza mbwa.

*

Zahanati ilikuwa na foleni. Ilibidi Hanna aeleze kilichotokea akiwa amesimama mbele ya watu wote, na alipofika kwenye neno kumtembeza, mzee mmoja aliyekaa kwenye benchi aliomba arudie.

"Mbwa wa Kimeru naye anatembezwa?" aliuliza. "Ana ratiba?"

Benchi zima lilicheka. Bibi Magreth alicheka nao ili yaishe, huku damu ikiwa imeanza kukauka kwenye ukingo wa kanga aliyofungia mkono.

Muuguzi hakucheka. Alimwita ndani, akafungua bomba, akaosha kidonda kwa sabuni kwa muda mrefu hadi Bibi akalalamika kwamba anaoshwa kama sufuria. Kisha akamgeukia Hanna na kumweleza polepole. Sindano za kichaa cha mbwa hapo hazikuwapo. Waende hospitali mjini, leo, wasingoje kesho, na wakaulize kama yule mbwa alichanjwa na kama bado ni mzima. Ugonjwa huu, alisema, ukishaonyesha dalili kwa mtu, hakuna dawa. Mtu anakufa. Alilisema hilo kwa sauti ya chini, lakini mgonjwa mwenyewe alikuwa amekaa palepale na masikio yake hayakuwa na kiharusi.

Nje, Hanna alisema wapande gari waende mjini. Bibi Magreth alisema amekwaruzwa tu. Hanna alisema muuguzi amesema. Bibi alisema muuguzi ni mtoto, na kwamba yeye amekwaruzwa na paka, na miiba, na marehemu mumewe, baba yake Eliud, na hajawahi kupelekwa mjini. Halafu akaanza kutembea kuelekea nyumbani, haraka kuliko alivyowahi kutembea tangu augue. Hanna alimfuata nyuma. Hakuwa mtu wa kumshika mama mkwe mkono akamgeuza. Katika miaka yote aliyokaa nyumba ile, hakuwahi hata kumkatalia chai.

*

Eliud, mume wa Hanna, alipata habari akiwa kazini, na kazini kwake ilikuwa kwa Mzee Sadoki. Alikuwa anajenga ukuta wa matofali kuzunguka kiwanja kile kikubwa, mahali palipokuwa na ua wa masale tangu enzi za babu zao. Sadoki alikuwa ofisa mstaafu na mzee wa kanisa, mtu asiyepandisha sauti. Kazi ya ukuta ule ndiyo iliyokuwa inailisha familia ya Eliud tangu mvua zikatike.

Alikuwa bado anatafuta namna ya kuanza pale Mzee Sadoki alipomwita mwenyewe, akamkaribisha chai ya maziwa, akamwacha anywe hadi nusu ya kikombe. Kisha akampeleka upande wa chini, kwenye mfereji. Pale Eliud alikuwa amekata masale ili lori lipitishe mchanga. Jioni aliziba pengo kwa miti miwili na majani makavu ya migomba. Sasa majani hayo yalikuwa yamelala chini.

"Fundi, mlango huu umefunguliwa na nani?"

"Na mimi, mzee."

Sadoki alitikisa kichwa kwa huruma. "Basi tusilaumiane. Mbwa wangu wana chanjo zote. Mwambie Mama tunamwombea."

Eliud aliamini, au alitaka kuamini, na sababu alikuwa nayo. Ni Mzee Sadoki huyohuyo aliyesimama kanisani wakati wa matangazo na kuwahimiza washarika wote wapeleke mbwa wao ofisi ya kijiji siku ya chanjo. Aliwaambia ni ustaarabu. Wengi walipeleka. Kwa alivyojua yeye, Tosha peke yake katika njia ile hakupelekwa. Siku hiyo Bibi Magreth alikuwa amelala hospitali, mdomo umepinda, na hakuna aliyekumbuka mbwa.

Nyumbani Eliud alisema kwamba mbwa wamechanjwa. Habari ya pengo hakuisema. Hanna aliuliza kama amewaona hao mbwa kwa macho yake. Eliud akamjibu kwamba hakwenda kule kukagua mbwa wa watu.

Kuanzia hapo Hanna alianza kumwangalia mama mkwe wake kama mtu anavyoangalia sufuria ya maziwa jikoni. Aliangalia anavyomeza chai, na anavyoshika mkono. Usiku Bibi alikohoa mara moja na Hanna akakaa kitandani wima. Asubuhi alimkuta uani akimlisha Tosha kwa kiganja kisicho na kidonda, na Nice, binti wa Hanna mwenye miaka minne, amechuchumaa kando yao, naye anakula kutoka bakuli lilelile la Tosha.

*

Jumapili walikwenda kanisani wote. Baada ya ibada watu walitoka nje kwenye mnada wa sadaka, kama kawaida. Yalinadiwa mayai, maziwa ndani ya chupa za soda, jogoo aliyefungwa miguu, maboga. Mwisho ukaletwa mkungu wa ndizi mshare, mkubwa, uliotolewa na kina mama wa kwaya. Mtu akataja bei ya kawaida, mwingine akaongeza kidogo. Ndipo Mzee Sadoki, akiwa amesimama na koti lake begani, akataja bei ambayo haijawahi kutajwa kwa ndizi. Mnadi alicheka, akapiga kengele.

"Wangu," Sadoki alisema. "Lakini sili mimi. Upelekwe kwa mama yetu Magreth. Ni mama wa usharika huu."

Vigelegele vikapigwa. Vijana wawili wakaubeba mkungu na kuuweka miguuni pa Bibi.

Kila aliyekuwapo alielewa. Habari ya mbwa ilikuwa imefika kila nyumba, na sasa waliona mzee akiomba radhi bila kujidhalilisha kwa maneno. Kitu kilichonunuliwa mnadani na kutolewa kwa mtu kimeshapita madhabahuni. Pale kwao hakuna aliyewahi kukirudisha. Bibi Magreth alitazama ndizi. Aliinama, akazigusa kwa mkono wenye bandeji, akasema asante. Eliud, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alishusha pumzi hadi watu wa karibu wakaisikia.

Hanna alimfuata Mzee Sadoki hadi kwenye gari. Alikuwa amejiandalia sentensi moja tangu wimbo wa mwisho: naomba kumwona yule mbwa wa kahawia. Kabla hajafika, mama mmoja wa kwaya alimshika kiwiko, akamwuliza anakwenda wapi. Hanna akamwambia.

"Mwenzangu," yule mama alinong'ona, na tabasamu lake halikutoka usoni, "si mmeshapokea?"

Gari liliondoka.

Nyumbani Hanna alikataa kumenya zile ndizi. Haikuwa kawaida yake kukataa kitu, na Eliud alimkasirikia, akauliza anataka nini zaidi, mtu mkubwa ameshajishusha mbele ya usharika mzima. Hanna alisema anataka kumwona mbwa. Eliud akasema mbwa, mbwa, mbwa. Halafu akakaa kwenye kigoda na kuushika uso wake.

"Ni mimi niliyekata ua, Hanna. Walipita kwenye pengo langu. Nikienda kudai, ataniuliza mimi. Na kazi itakuwa imeisha."

Hanna alisimama na kisu mkononi. Alitaka kumhurumia, na kwa kweli alimhurumia, lakini chini ya ile huruma alikuwa anahesabu jambo jingine: kwamba sasa katika nyumba ile ni yeye tu aliyebaki wa kuuliza.

*

Jumatatu Eliud alipokwenda mjini kununua nondo, Hanna alichukua kikapu cha majani ya ng'ombe na kupanda njia ya mfereji. Alipitia geti la mbele, akapiga hodi. Mbwa mweusi alikuwa amefungwa mnyororo chini ya mparachichi na alimbwekea. Hakuwapo mwingine.

Mama Lydia, mke wa Sadoki, alikuwa anafua. Walisalimiana kwa kirefu, wakaulizana habari za ng'ombe, za mvua, za watoto. Hanna alisema amekuja kuomba ruhusa ya kukata majani kwenye ukingo wa mfereji. Lydia alisema akate tu. Kisha akakamua shuka, akalikamua tena lilipokuwa limeshakauka maji, na bila kuinua macho akauliza:

"Mama anakunywa maji vizuri?"

Hanna alitua kikapu chini. "Kwa nini unaniuliza maji, Mama?"

Lydia aliangalia nyumba, akaangalia geti. Hakuwa na haja ya kuogopa, mumewe alikuwa kikaoni, lakini alisema kwa kunong'ona. Mbwa wa kahawia alikufa Jumamosi. Siku kadhaa kabla alikuwa anatafuna mawe na kukimbia bakuli la maji. Mzee alisema amekula sumu ya panya. Alimzika mwenyewe kwenye mibuni, kwa mikono yake, akasema ni sumu, na alipokuwa anaoga alisema tena ni sumu, ingawa hakuna aliyembishia.

"Na chanjo?"

"Wangepelekwaje? Hawakuwahi kufungwa kamba hawa. Nani angewashika? Mzee alisema hawezi kwenda kuburuzwa na mbwa mbele ya watu aliowatangazia yeye mwenyewe." Lydia aliweka shuka chini. "Nilitaka kuja kwenu jana. Nikaona ule mkungu unabebwa, nikasema labda Mungu ameshapanga."

Hanna aliacha kikapu palepale. Akiwa anashuka, aliukumbuka mwendo wa yule mbwa, bega likigusa masale, na akaanza kukimbia ingawa kwa siku zote hizo zilizopotea kukimbia sasa hakukusaidia kitu.

*

Bibi Magreth alikuwa jikoni na bakuli la loshoro, mahindi na maziwa ya mgando. Tosha alikuwa amelala juu ya miguu yake. Hanna alichuchumaa mbele yake na kumwambia yote, bila kuficha kwamba ameambiwa na Lydia, na akasema sasa hivi wanakwenda mjini, hata kama ni kwa kumuuza ndama.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. Hakuonekana kushangaa.

"Nilimwona machoni," alisema. "Nilijua siku ileile. Mbwa mzima hapiti chini ya fimbo."

Hanna hakuelewa. Kama alijua, kwa nini alikataa? Alikuwa anaogopa sindano? Alikuwa anaogopa gharama? Bibi aliweka bakuli chini na Tosha akaamka kulamba. Kwa muda walimtazama akila. Kwenye shingo matundu yalikuwa yamefunga vizuri, manyoya yameanza kuota.

"Nikienda wataniuliza nani mwingine kaumwa," Bibi alisema. "Halafu watamtuma bwana mifugo. Huyu hana chanjo, Hanna. Hawatamwacha hai." Kisha akaongeza kwa aibu, kama mtu anayesema jambo la kitoto: "Ndiye ninayetembea naye."

Hanna alikuwa na cheti cha chuo na alijua vizuri nini kilikuwa sahihi kusema. Alimtazama mama mkwe wake, mdomo ambao ulikuwa umeanza tu kurudi mahali pake, na akasema kitu kingine.

"Nitasema mimi, Mama. Nitasema hakuna mwingine. Twende tu."

Walipotoka, gari la Mzee Sadoki lilikuwa njiani. Lydia alikuwa amempigia simu kikaoni. Mzee alishuka, akavua kofia, hakusogea zaidi ya mlango wa gari.

"Mama," alisema, "nilijua tangu Jumamosi."

Watu wawili waliokuwa wanapita na mizigo ya majani walisimama kusikiliza. Eliud, aliyekuwa amerudi na nondo begani, alisimama pia. Sadoki aliwaona na akaendelea kusimama vilevile, kofia mkononi, akingoja chochote atakachoambiwa.

"Washa gari," Bibi Magreth alisema.

*

Hospitali mjini waliwachukua mmoja mmoja. Sadoki naye alitakiwa kuchanjwa, na Lydia, kwa kuwa walimgusa mbwa akiwa mgonjwa. Mzee alikaa kwenye benchi la korido katikati ya watu wenye watoto wanaolia, amekunja mkono wa shati, na hakuna aliyemjua.

Ndani ya chumba muuguzi wa makamo alifungua bandeji, akakunja uso, akauliza kwa nini wamechelewa. Alisema wataanza leo, sindano kuzunguka kidonda na nyingine begani, na watarudi kwa tarehe atakazowapangia, wasikose hata moja. Bibi aliuliza kama amechelewa mno. Muuguzi alisema kidonda ni kidogo na kiko mbali na kichwa, na kwamba kuchelewa zaidi kungekuwa kubaya zaidi. Halikuwa jibu, lakini Hanna alilishika.

"Kuna mtu mwingine aliyeng'atwa? Au mnyama?"

"Hapana," Hanna alisema. Ilitoka upesi mno. Muuguzi aliinua macho.

"Nyumbani kuna watoto?"

"Mmoja," Hanna alisema. "Wa miaka minne."

Bibi Magreth alikuwa anaangalia mkono wake, na mtu angedhani anaogopa sindano iliyokuwa tayari. Kumbe alikuwa anamwona Nice amechuchumaa uani, mkono wake mdogo ndani ya bakuli, na pua ya Tosha ndani ya bakuli lilelile.

"Mkwe wangu ana huruma," alisema. "Msimwandike vibaya. Yupo mbwa wangu. Ameumwa shingoni. Na mjukuu wangu anakula naye."

Hanna aliziba mdomo kwa kanga. Muuguzi aliuliza mahali wanapokaa, akasema atapiga simu kwa bwana mifugo wa kata, mbwa afungwe mbali na watu mpaka afike, na mtoto aletwe leo hii. Aliuliza ni saa ngapi bwana mifugo atawakuta nyumbani.

"Aje asubuhi," Bibi Magreth alisema, na akatoa bega lake kwa ajili ya sindano. "Asubuhi amezoea kutoka na mimi. Hatashtuka."